Umerudi kazini baada ya miaka mingi ya kulea? Pima kwanza kabla ya kuulaumu ubongo

Kama ulikaa nyumbani miaka minane au kumi ukilea, kisha umepata tena nafasi katika taaluma yako, kuna maneno ambayo huenda umeshayasema kimoyomoyo: “Kichwa changu siku hizi hakishiki kitu.” Unasoma ukurasa mmoja mara tatu. Unaingia chumba cha dawa na kusahau ulichofuata. Ikifika saa nane mchana macho yanauma na mwili unadai kulala. Unaamua kwamba akili imeota kutu na kazi si yako tena. Wapo wanaoandika barua ya kuacha kazi kabla mwezi wa tatu haujaisha.

Uamuzi huo mara nyingi hufanywa bila hata kipimo kimoja. Ujuzi ulioufanyia kazi kwa miaka haufutiki kirahisi. Mikono hukumbuka, na mengine yanarudi ukiyafanya tena kwa wiki chache. Kinachosumbua wengi ni mwili uliohudumia watu wengine kwa muda mrefu bila kuhudumiwa wenyewe. Damu imepungua, macho yamebadilika, usingizi umekatika vipande vipande, hedhi imeanza kupishana, na hakuna aliyeuliza. Mambo hayo yote yanaweza kujionyesha kama usahaulifu na uzito wa kufikiri, na karibu yote yana tiba.

Nitamtumia muuguzi kama mfano, lakini ukiwa mwalimu, mhasibu, mwanasheria au fundi sanifu wa maabara, mengi yatakugusa. Tuseme aliacha kazi mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 33, baada ya mtoto wake wa pili kugundulika ana selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Makadirio yanayotumika ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Katika nyumba nyingi zenye mtoto huyo, mtu mmoja hulazimika kuacha shughuli zake, na kwa kawaida mtu huyo ni mama. Homa za usiku, kulazwa, kuongezewa damu, kliniki kila mwezi. Mwajiri huvumilia miezi kadhaa, kisha huchoka. Sasa mtoto yupo shule ya msingi, anatumia dawa vizuri, na hajalazwa kwa muda mrefu. Mama ana miaka arobaini na kitu na anataka kurudi wodini.

Anza na damu

Kipimo cha wingi wa damu ni cha bei ndogo na kinapatikana hata katika vituo vingi vya afya. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Anayefika 9 au 10 polepole, kwa miaka, huzoea. Hajioni mgonjwa. Anajiona mvivu. Moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, kichwa kinauma jioni, hana subira na watoto, na akiwa kwenye mafunzo kazini maneno yanampita.

Kuna dalili moja ambayo watu huionea aibu kuitaja kwa daktari: hamu ya kula udongo, kutafuna mchele mbichi au barafu. Itaje. Kwa mtu asiye mjamzito hiyo ni alama inayojulikana ya upungufu wa madini ya chuma, na daktari akiisikia anajua pa kuanzia.

Baada ya kujua damu imepungua, lazima ijulikane inakwenda wapi. Kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50 chanzo cha kawaida ni hedhi nzito, na nyuma ya hedhi nzito mara nyingi kuna uvimbe kwenye kizazi, yaani faibroidi. Ukibadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, ukitoa mabonge makubwa, au hedhi ikipita siku saba, hiyo si hali ya “ndivyo nilivyo”. Minyoo, vidonda vya tumbo na lishe duni navyo huhesabiwa.

Hapa wazazi wa watoto wenye selimundu wanisikilize vizuri. Wengi wenu mmeambiwa kwamba mmebeba kinasaba cha ugonjwa bila kuugua. Ni kweli, lakini kubeba kinasaba kwa kawaida hakumfanyi mtu apungukiwe damu. Kama damu yako ni 9, usikubali jibu la “ni kwa sababu una hiyo selimundu nusu”. Omba chanzo halisi kitafutwe.

Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, usivimeze na chai. Chai na kahawa huzuia madini hayo yasifyonzwe, hivyo acha angalau saa moja kabla na baada. Maji yenye ndimu au chungwa husaidia. Kinyesi kitakuwa cheusi, hilo lisikutishe.

Macho, usingizi na hedhi inayopishana

Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza ule wepesi wa kujikunja ili kuona karibu. Humpata karibu kila mtu. Aliye nyumbani halimsumbui sana, maana ujumbe wa simu unaweza kuusogeza mbali kidogo ukausoma. Akirudi kazini anakutana na maandishi madogo kwenye kichupa cha dawa, safu za namba kwenye kompyuta, madaftari ya wanafunzi 70. Anakunja uso siku nzima, kichwa kinamuuma, na anasema kazi imemshinda. Kwa muuguzi jambo hili si la starehe: kusoma vibaya kipimo cha dawa kunaweza kuua mtu.

Miwani ya kusomea inauzwa hadi barabarani, na sitakukataza kuinunua kama ndiyo unayoimudu leo. Lakini nenda ukapimwe macho angalau mara moja kabla ya kuanza kazi. Mpimaji akiona tundu la jicho na kupima presha ya macho anaweza kugundua glakoma, ugonjwa unaokula uwezo wa kuona bila maumivu yoyote. Kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja alipofuka kwa ugonjwa huo, usiahirishe.

Kuhusu usingizi, mzazi aliyelea mtoto mgonjwa hulala na sikio moja wazi. Mtoto anakohoa chumba cha pili, mama ameshakaa kitandani. Miaka ikipita mtoto anapona lakini sikio halifungi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi za usingizi kwa usiku, na anayelala saa tano zilizokatika mara nne hawezi kukumbuka mambo mapya vizuri, kwa sababu ubongo hupanga kumbukumbu wakati wa usingizi. Nitasema jambo ambalo baba wengi hawatalipenda: kabla mama hajaanza kazi, nyumba ikubaliane nani anasikiliza watoto usiku upi. Usiku wa baba ni wa baba kweli, na simu ya kengele ya dawa ikae upande wake wa kitanda. Mama akiamka “kuangalia tu kama umempa”, bado ni usiku wa mama.

Kisha kuna hedhi. Miaka kadhaa kabla ya kukoma kabisa, huanza kupishana: mwezi huu mapema, mwezi ujao haipo. Joto kali linapanda kifuani na usoni ghafla, shuka zinalowa jasho usiku, hasira ziko karibu, na jina la mtu unayemfahamu miaka 20 linakupotea mdomoni. Wengi hupitia haya kati ya miaka 45 na 55, wengine mapema zaidi, na ndio umri uleule ambao watoto wamekua na mama anarudi kazini. Hali hii si ugonjwa na si mwanzo wa uchizi. Ikikusumbua kiasi cha kukukosesha usingizi, kuna matibabu, yakiwamo ya homoni kwa wale wanaofaa kuyatumia, na daktari ataangalia historia yako kabla ya kukuandikia. Pia, hedhi kupishana si kinga ya mimba. Ukitaka kurudi kazini kwa utulivu, zungumza na mtoa huduma kuhusu uzazi wa mpango unaofaa umri wako na presha yako.

Safari hiyohiyo ya hospitali imalize mengine. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikijirudia siku tofauti, ni shinikizo la juu la damu hata kama hujisikii chochote. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 na kurudia, ni kisukari. Kama unanenepa bila kula sana, unasikia baridi wenzako wakiwa na joto, ngozi imekauka na choo kigumu, muulize daktari kuhusu tezi ya thairoidi iliyopo shingoni. Ikifanya kazi polepole, hata kufikiri huwa polepole. Na kama una miaka 30 au zaidi na hujawahi kuchunguzwa mlango wa kizazi, omba uchunguzwe. Hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na mabadiliko yake ya awali hutibiwa kirahisi yakionekana mapema. Wanaoishi na VVU huanza uchunguzi huo mapema zaidi.

Woga wa kawaida na sonona

Kuogopa wiki za kwanza si ugonjwa. Umeacha wodi ikiwa na mafaili ya karatasi, umeikuta na kompyuta. Kiongozi wako ana umri wa mdogo wako wa mwisho: asubuhi anakuamkia shikamoo, saa mbili anakuuliza kwa nini chati ya mgonjwa haijajazwa. Moyo unadunda, unakwenda chooni kufuta machozi, unarudi kazini. Woga wa namna hii hupungua kadri unavyozoea. Wiki ya nne si kama wiki ya kwanza, na Jumamosi bado unacheka na watoto.

Sonona haina mapumziko ya Jumamosi. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huna furaha na hata ulivyovipenda havikuvutii, usingizi umepotea au umezidi, hamu ya kula imebadilika, unajiona huna thamani na unajilaumu kwa kila kitu, nenda ukaonwe. Hutibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Ukianza kuwaza kwamba ni bora usiwepo, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo kama ilivyo damu inayovuja: mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali, usibaki peke yako.

Waliowalea wagonjwa wana aina yao ya huzuni ambayo majirani hawaielewi. Kwa miaka kumi kazi yako ilikuwa kumweka mtoto hai. Sasa anaendelea vizuri, watu wanasema “Mshukuru Mungu, umepumzika”, na wewe unajisikia mtupu, kisha unajiona mwovu kwa kujisikia hivyo. Hakuna uovu hapo. Mwili uliokuwa macho muda mrefu hauzimiki kwa siku moja. Zungumza na wazazi wenzako wa kliniki. Mara nyingi hao ndio watu pekee ambao huhitaji kuwaeleza mwanzo wa hadithi.

Mikono inakumbuka, mwongozo umebadilika

Turudi kwa muuguzi wetu. Kuweka kanula, kupima presha, kumgeuza mgonjwa kitandani, kusikia kwa sauti tu kwamba mtoto anapumua vibaya: hayo anayo. Miaka yake nyumbani imempa na mengine, maana amejaza chati za joto, amegawa dawa kwa saa, amemwangalia mtoto akiongezewa damu na kujua dakika ambayo jambo haliko sawa. Akiulizwa kwenye usaili alikuwa wapi, aseme: “Nilikuwa namlea mtoto mwenye selimundu, sasa hali yake imetulia na kuna mtu wa kumwangalia.” Sentensi moja inatosha. Sioni sababu ya kutunga biashara ambayo haikuwapo.

Lakini uzoefu wa nyumbani haujazi pengo la miongozo, na hapa siwezi kumbembeleza mtu. Mwaka 2014 mgonjwa aliyegundulika na VVU alisubiri kinga yake ishuke hadi kiwango fulani ndipo aanze dawa. Tangu 2016 Tanzania inamwanzishia kila anayegundulika. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wa mahudhurio ya mjamzito kutoka manne hadi manane. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018, na mwaka 2024 ikawa dozi moja. Kisha UVIKO-19 ikapita na kubadilisha mengi katika kuzuia maambukizi wodini. Aliyeondoka kabla ya yote hayo akitumia alichokariri, anaweza kumdhuru mgonjwa kwa nia njema.

Kwa hiyo leseni kwanza. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, huwezi kutoa huduma bila usajili na leseni hai kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kama leseni ilikwisha muda, nenda Baraza na vyeti vyako ukaelekezwe, na uende kabla ya kutuma maombi ya kazi. Omba kipindi cha kufanya kazi chini ya uangalizi hata kama mwajiri hakukitaja. Taaluma nyingine zina vyombo vyake, na karibu zote zinadai mafunzo ya kujiendeleza. Mhasibu na wakili wanalijua hilo kuliko mimi.

Kuna sindano ambayo wengi huisahau: chanjo ya homa ya ini aina ya B. Muuguzi, fundi wa maabara na mfanya usafi wa hospitali wote wanaihitaji, kwa sababu virusi hivyo huambukiza kirahisi kupitia sindano iliyotumika. Hupimwa kwanza, kisha hupata dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Hesabu mwenyewe. Anayesubiri siku ya kuripoti ndipo aanze, atafanya kazi nusu mwaka bila kinga kamili.

Na miguu, jamani. Zamu ya saa nane ukiwa umesimama si mchezo kwa mtu aliyekuwa anakaa kila anapotaka. Wiki sita kabla ya kuanza, tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Hiyo inakufikisha dakika 150 zinazoshauriwa. Amka saa utakayoamka ukianza kazi. Tafuta viatu vya kisigino kifupi vyenye soli laini, uvizoee nyumbani. Ukiwa na mishipa iliyovimba miguuni, muulize daktari kuhusu soksi za kubana.

Mtoto anabaki na nani

Kwa mama aliyelea mtoto mgonjwa, sehemu ngumu kuliko zote ni mlango wa nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Anajua yeye ndiye aliyekuwa kipimajoto, daftari na gari la wagonjwa. Akiondoka bila kuyakabidhi hayo, atakuwa kazini mwili tu.

Kabidhi kwa maandishi. Chukua karatasi ngumu, andika kwa herufi kubwa, bandika jikoni. Kama mtoto ana selimundu iandikwe hivi: homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, apelekwe hospitali sasa hivi, mama asisubiriwe (kliniki yenu ikiwa imewapa namba ya chini zaidi, fuateni hiyo). Vivyo hivyo akipauka ghafla au tumbo la kushoto kuvimba, maana bandama inaweza kunyonya damu nyingi kwa muda mfupi. Akiumwa kifua au kupumua kwa shida. Mdomo ukipinda, mkono au mguu ukilegea, maneno yakivurugika. Maumivu yasiyotulia kwa dawa za nyumbani. Na kwa mtoto wa kiume, uume ukisimama wenyewe kwa maumivu zaidi ya saa mbili. Hili wazazi wengi hawajawahi kuambiwa, na mvulana huficha kwa aibu hadi madhara ya kudumu yatokee. Mwambie mwanao mapema, kwa maneno ya kawaida, kwamba likitokea amwambie mtu mzima yeyote.

Chini ya hayo ziandikwe namba tatu za simu, hospitali mnayokwenda, mahali kadi ya bima na kadi ya kliniki zilipo, na fedha ya nauli ikae kwenye bahasha isiyoguswa kwa vitunguu. Dada wa kazi afundishwe kutumia kipimajoto, na akionyeshe mbele yako mara tatu. Usimuulize “umeelewa?” kwa sababu atasema ndiyo. Mwambie akueleze yeye. Kama mtoto anatumia haidroksiurea, anayempa dawa anawe mikono, vidonge visifunguliwe ovyo, na asiwe mjamzito anayevishika mikono mitupu.

Mwalimu naye ajue. Mtoto huyu lazima anywe maji mara kwa mara, kwa hiyo lazima aruhusiwe kwenda chooni mara kwa mara. Asisimamishwe kwenye jua kali wala kunyeshewa. Barua fupi kutoka kliniki husikilizwa zaidi kuliko maelezo ya mama getini. Na mtoto wa miaka kumi anaweza kujifunza kujaza chupa yake, kukumbuka kidonge chake, na kusema “naanza kuumwa” kabla hajalia. Akijua kuyasema hayo, ana usalama hata saa ambayo wewe upo zamu.

Kwa watoto wadogo wasio na ugonjwa, jambo kubwa ni kuaga. Usitoroke kupitia mlango wa nyuma. Mtoto anayetorokwa hujifunza kukulinda usiondoke. Anayeagwa kwa maneno mafupi hulia wiki moja au mbili kisha huzoea kwamba unarudi. Anza na saa moja, kisha nusu siku, wiki kadhaa kabla. Na kama bado unanyonyesha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakuruhusu hadi saa mbili kwa siku za kazi kwa ajili hiyo. Maziwa uliyokamua hukaa saa nne penye ubaridi usiozidi nyuzi 25, joto ambalo Dar es Salaam hulioni mchana, hivyo tumia kiboksi chenye barafu. Kwenye friji hukaa hadi siku nne.

Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi angalau siku nne za likizo yenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki, au anapofiwa na ndugu wa karibu, lakini ni siku nne ndani ya mzunguko wa miezi 36. Kwa mzazi wa mtoto wa selimundu hizo zinaweza kuisha kwa kulazwa mara moja. Ndiyo maana mazungumzo na kiongozi wako yafanyike kabla ya dharura: ni nani atabadilishana zamu na wewe, utatoa taarifa kwa njia gani, zamu ngapi za usiku kwa mwezi unaziweza. Kiongozi akiambiwa mapema hupanga. Akishtukizwa saa mbili kasoro usiku, hata kama ana roho nzuri, atakumbuka usumbufu tu. Baba naye ana mwajiri na ana haki hiyohiyo ya siku za mtoto mgonjwa. Zisiishe za mama pekee. Na zipo nyumba ambamo baba ndiye aliyebaki kulea. Ukiondoa ya hedhi na kizazi, yote niliyoandika yanamhusu, na yeye huchelewa zaidi kwenda kupimwa.

Miezi mitatu ya kwanza

Usianze kazi, masomo ya jioni na ujenzi wa nyumba kwa pamoja. Kama mwajiri anakubali, anza na zamu za mchana. Zamu za usiku zikianza, lala mara tu unapofika nyumbani, chumba kikiwa na giza na simu ikiwa kwa mtu mwingine, kula chakula kamili kabla ya zamu na kidogo tu usiku wa manane. Kama unatumia dawa za presha au kisukari, muulize daktari saa za kumeza zibadilike vipi siku za zamu ya usiku, usijipangie mwenyewe.

Weka daftari dogo mfukoni. Andika kila usichokijua, uliza mara moja kwa siku, vyote kwa pamoja, kwa mtu mmoja. Kijana wa miaka 26 anayeijua kompyuta ya wodi atakufundisha kwa furaha, hasa ukimfundisha namna ya kumtuliza mama anayelia.

Ukifika mwezi wa tatu na bado kichwa ni kizito, rudi hospitali na karatasi ya majibu ya mwanzo ili vilinganishwe. Na kama ulianzishiwa vidonge vya madini ya chuma na sasa damu imefika 12, usiviache siku hiyo. Kwa kawaida huendelea miezi mitatu zaidi, kwa sababu damu hujaa kabla ya akiba ya mwili kujaa, na anayeacha mapema hurudi kwenye 9 kabla ya mwaka kwisha.